Gharama ya Ushindi: Vita vya Madola na Chimbuko la Uhuru wa Marekani

Uhuru wa makoloni 13 ya Uingereza katika Amerika ya Kaskazini, uliotangazwa mjini Philadelphia Julai 1776, huelezwa mara nyingi kama tunda la fikra: falsafa ya haki za asili, maandiko ya John Locke na ufasaha wa kalamu ya Thomas Jefferson. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi kufafanua kwa nini watu walioshangilia ushindi wa Mfalme George III mwaka 1763, wakapiga kengele za makanisa kwa heshima yake, walikuwa miaka 12 tu baadaye wamejibanza nyuma ya kuta za mawe wakiwamiminia risasi askari wake. Falsafa ya Locke ilikuwapo tangu mwisho wa karne ya 17, na kwa zaidi ya nusu karne walowezi waliisoma bila kuasi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba vita ndivyo vilivyoikuza dola ya Uingereza katika Amerika na ndivyo vilivyoipasua, kwa kuwa ushindi ulikuja na deni, na deni hilo lilipofika wakati wa kugawanywa ilibainika kwamba pande mbili za bahari ya Atlantiki hazikuwa zimewahi kukubaliana ni nani mwenye haki ya kuligawa.

Kati ya 1689 na 1763 Uingereza na Ufaransa zilipigana vita vikubwa vinne, na kila mara mapigano yalivuka bahari hadi Amerika. Walowezi wa New England, yaani makoloni ya kaskazini yaliyoongozwa kwa ukubwa na Massachusetts, walijifunza mapema kwamba damu yao ilikuwa sarafu ndogo katika biashara ya wakubwa. Mwaka 1745 jeshi lao la wavuvi, wakulima na maseremala, chini ya mfanyabiashara William Pepperrell, liliteka Louisbourg, ngome ya Wafaransa iliyolinda njia ya kuingilia Mto Saint Lawrence. Majira ya baridi yaliyofuata mamia yao walikufa kwa maradhi wakiwa wanailinda ngome hiyo, na mwaka 1748, katika mkataba wa Aix-la-Chapelle, Uingereza iliirudisha kwa Ufaransa, nayo ikarudishiwa Madras iliyo India. Kwa mwanadiplomasia wa London mabadilishano hayo yalikuwa na mantiki, lakini kwa mjane wa Massachusetts hayakuwa nayo.

Jambo jingine la vita hivyo lililowakera watu wa pwani ni desturi ya Jeshi la Maji la Mfalme ya kuwakamata watu bandarini kwa nguvu na kuwapandisha manowarini wakafanye kazi ya ubaharia, wapende wasipende. Novemba 1747 kamanda Charles Knowles, aliyekuwa amepungukiwa na mabaharia waliotoroka, aliamuru vijana wakusanywe katika bandari ya Boston. Maelfu ya wakazi waliinuka, wakawakamata baadhi ya maofisa wa manowari na kuwashikilia kama mateka, wakaizingira nyumba ya gavana, na kwa siku tatu mji haukutawalika. Tukio hilo lilitokea miaka 18 kabla ya Bunge la London kuyatoza makoloni kodi ya stempu, na anayetaka kuuelewa umati wa Boston wa mwaka 1765 hana budi kuanzia hapo.

Vita vya nne, ambavyo Ulaya huitwa Vita vya Miaka Saba, vilianzia Amerika kwenyewe, katika bonde la Mto Ohio, eneo ambalo Wafaransa walilidai kwa sababu liliunganisha Kanada na Louisiana, ambalo matajiri wa Virginia walilitamani kwa ajili ya kuuza ardhi, na ambalo wenyewe hasa walikuwa Washawnee, Wadelaware na mataifa mengine ya wenyeji wa asili. Mei 1754 kikosi cha wanamgambo wa Virginia, kikiongozwa na kijana wa miaka 22 aliyeitwa George Washington, kilishambulia kundi la Wafaransa msituni, na mnamo Julai kijana huyo akalazimika kusalimu amri. Mwaka uliofuata Jenerali Edward Braddock alipelekwa na askari wa kudumu kutoka Uingereza ili kusahihisha mambo, lakini Julai 9, 1755, karibu na Mto Monongahela, zaidi ya nusu ya askari waliokuwa naye waliuawa au kujeruhiwa, na yeye mwenyewe akafa kwa majeraha. Mkondo wa vita ulibadilishwa na William Pitt, waziri aliyeamini kwamba vita hushindwa na anayeogopa kutumia. Aliyaahidi makoloni kwamba sehemu ya gharama za askari watakaowatoa itarudishwa na hazina ya London, na hapo walowezi walijitokeza kwa maelfu. Louisbourg ilitekwa tena mwaka 1758, Quebec mwaka 1759 na Montreal mwaka 1760.

Inafaa kutua kidogo kwenye maisha ya kambini, kwa kuwa huko ndiko watu wa pande mbili walikotazamana kwa karibu kwa mara ya kwanza, na kila upande ukaondoka na picha ya mwenzake ambayo haikufutika kirahisi. Mwanajeshi wa kudumu wa Uingereza alijiunga kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya ufukara, na nidhamu yake ilijengwa kwa viboko vilivyoweza kufika mamia kwa kosa moja. Mlowezi aliyejiunga na kikosi cha Massachusetts kwa kawaida alikuwa kijana mwenye matumaini ya kurithi shamba la babaye, aliyekubali kutumika kwa msimu mmoja, chini ya nahodha anayemfahamu kutoka kijijini kwao, kwa mshahara na posho vilivyotajwa wazi. Utumishi huo aliuona kuwa ni mkataba, yaani makubaliano yenye masharti kwa pande zote mbili, na muda ulipokwisha, au posho ilipokosekana, alifunga virago akarudi nyumbani hata kama adui alikuwa jirani. Majenerali wa Uingereza waliuita mwenendo huo woga na utoro, ilhali wenyewe waliuona ni uaminifu kwa neno lililoandikwa. Vijana waliotoka katika vita hivyo wakiwa na miaka 20 walikuwa na zaidi ya miaka 30 ilipofika 1775, wakiwa wakuu wa kaya, wajumbe wa mikutano ya vijiji na maofisa wa wanamgambo, na bado walielewa kwamba mamlaka yanayovunja mkataba hayadai utii. Katika suala hili kambi za vita huenda zilifundisha zaidi kuliko vitabu.

Mkataba wa Paris wa Februari 10, 1763 uliipa Uingereza Kanada, Florida na nchi yote iliyo mashariki ya Mto Mississippi isipokuwa New Orleans. Ushindi huo ulikuwa umegharimiwa kwa mikopo. Deni la taifa, yaani fedha ambazo serikali ilizikopa kwa wananchi na wafanyabiashara wake kwa kuwauzia hati zenye kulipiwa riba kila mwaka, lilikuwa limepanda kutoka pauni zipatazo milioni 75 hadi kupita milioni 120, na riba yake pekee ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya mwaka. Waingereza wa nyumbani walikuwa tayari wamebanwa, kwani kodi ya ardhi ilikuwa imefikia shilingi nne kwa kila pauni, bia na chumvi zilitozwa, na kodi mpya ya kinywaji cha tufaha ya mwaka 1763 ilizua ghasia katika wilaya za magharibi ya nchi. Waziri Mkuu George Grenville, mtu wa hesabu aliyekuwa akichungulia kila daftari la forodha, aliona kwamba walowezi, ambao kwa kiasi fulani vita vilipiganwa kwa ajili yao, walilipa kidogo mno wakilinganishwa na mkulima wa Uingereza. Kwa haki lazima ikubaliwe kwamba kwa hesabu tupu Grenville hakukosea.

Lililomshinda kuliona ni kwamba ushindi wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoa sababu kubwa ya walowezi kuihitaji London. Maadamu Wafaransa walikuwa Quebec, mlinzi aliyevaa koti jekundu alikuwa na thamani yake, lakini walipoondoka, kuwepo kwake kulianza kuulizwa maswali. London ilijibu kwamba hatari haijakwisha, na matukio ya mwaka huohuo wa 1763 yaliipa ushahidi, kwani mataifa ya wenyeji wa Maziwa Makuu na Ohio, ambao Pontiac wa Waottawa ni kiongozi wao anayekumbukwa zaidi, yaliteka ngome kadhaa za Waingereza na kuizingira Detroit kwa miezi. Ili kuepuka vita vingine vya gharama, Tangazo la Mfalme la Oktoba 7, 1763 lilipiga marufuku walowezi kukaa magharibi ya milima ya Appalachian, na askari wapatao 10,000 walipangwa kubaki Amerika. Hivyo mlowezi aliambiwa kwamba ardhi aliyoipigania hairuhusiwi kwake, kwamba jeshi litabaki ingawa adui ameondoka, na kwamba gharama za jeshi hilo atazichangia yeye.

Sheria ya Sukari ya 1764 ilikuwa hatua ya kwanza, nayo ilikuwa ya werevu wa kihasibu. Tangu 1733 molasi, yaani uji mweusi unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, ambao viwanda vya New England viliugeuza kuwa pombe ya ramu, ilikuwa ikitozwa peni sita kwa galoni ikitoka katika visiwa vya Wafaransa, lakini ushuru huo haukulipwa, kwa kuwa ofisa wa forodha alipewa kitu kidogo na meli ikapakuliwa. Grenville alipunguza ushuru hadi peni tatu, kisha akaazimia uwe unalipwa kweli, na aliyekamatwa kwa magendo aliweza kufikishwa katika mahakama ya masuala ya bahari iliyowekwa Halifax, mbali sana na nyumbani kwake, mbele ya jaji asiye na jopo la raia wa kawaida wa kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Wafanyabiashara walilalamika, lakini malalamiko yao yalikuwa ya watu wa bandari, na huenda yangezimika yenyewe.

Sheria ya Stempu, iliyopitishwa Machi 1765 na kuanza kutumika Novemba 1, haikuzimika, kwa sababu ilimgusa kila mtu na, kwa bahati mbaya ya walioitunga, iliwagusa kwanza wale wenye ndimi na mitambo ya uchapaji. Kila karatasi ya mahakamani, hati ya shamba, leseni ya kuuza vileo, gazeti na kalenda ilipaswa kupigwa chapa maalumu iliyolipiwa, shahada ya chuo ililipiwa pauni mbili, na hata pakiti ya karata ilikuwa na shilingi yake. Wanasheria, wachapaji na wenye vilabu vya pombe waliunganishwa na waraka mmoja. Katika mabaraza ya makoloni, ambayo kwa vizazi kadhaa ndiyo yaliyopitisha kodi za ndani, ilijengwa hoja kwamba kodi ni zawadi ambayo watu humpa mfalme kupitia wawakilishi wao, na kwa kuwa hakuna mlowezi aliyepiga kura kumchagua mbunge wa London, Bunge hilo lilikuwa likigawa mali isiyo yake. Watetezi wa serikali walijibu kwa nadharia ya uwakilishi wa kinadharia, yaani kwamba kila mbunge huwakilisha dola nzima, awe amechaguliwa na wahusika au la, kama ilivyokuwa kwa Manchester, mji mkubwa usiokuwa na mbunge wake. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko nchini Uingereza, ambako mbunge na asiye mpiga kura walilipa kodi ileile, lakini ng'ambo ya bahari, mbunge aliyewaongezea walowezi kodi alijipunguzia yake mwenyewe.

Mjini Boston hoja hizo zilivaa sura ya barabarani. Alfajiri ya Agosti 14, 1765 sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, ilikutwa ikining'inia kwenye mti mkubwa; jioni umati uliibeba, ukabomoa jengo ambalo watu waliamini lingekuwa ofisi ya stempu, ukaichoma sanamu, na kesho yake Oliver akaahidi kujiuzulu. Siku 12 baadaye nyumba ya naibu gavana Thomas Hutchinson ilivunjwavunjwa usiku kucha, fedha zikaibwa na miswada yake ya historia ya Massachusetts ikatupwa matopeni. Oktoba wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York, wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza, na Machi 1766 Bunge likafuta sheria hiyo, ingawa siku hiyohiyo lilipitisha nyingine iliyosema kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote. Wengi husahau kwamba stempu hizo zilihusu pia visiwa vya Karibi. Saint Kitts na Nevis zilifanya ghasia, lakini Jamaika na Barbados zililipa, na sababu haiko mbali, kwa kuwa huko mabwana wa mashamba ya miwa walikuwa wachache katikati ya watumwa wengi, na askari wa Mfalme walikuwa ndiyo usingizi wao wa usiku.

Mwaka 1767 waziri wa fedha Charles Townshend alijaribu njia nyingine, ushuru wa bandarini kwa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na safari hii baadhi ya mapato yalikusudiwa kuwalipa mishahara magavana na majaji ili wasiyategemee tena mabaraza ya makoloni. Upinzani ulipochachamaa, Oktoba 1768 vikosi vya askari viliteremshwa Boston, mji wa watu wapatao 16,000. Mshahara wa askari ulikuwa mdogo, na baada ya zamu wengi wao walitafuta vibarua mjini kwa ujira ambao fundi mwenye familia asingeweza kuukubali. Machi 2, 1770 askari mmoja alipita kwenye kiwanda cha kusokota kamba za meli, akaulizwa kama anataka kazi, akasema anataka, naye akaambiwa aende akasafishe choo. Ngumi, marungu na mapanga vilifuata. Siku tatu baadaye, usiku wenye theluji, askari waliozingirwa na umati mbele ya ofisi ya forodha walifyatua risasi, wakafa watu watano. Mmoja wao, Samuel Gray, alikuwa msokota kamba, na mwingine alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Amerika. Watumishi wa dola na wafanyakazi wa mji waligombea mkate uleule, na kumbukumbu za umma zilizoligeuza tukio hilo kuwa kisa cha kodi pekee zimeacha nje nusu yake.

Ushuru wa Townshend ulifutwa isipokuwa wa chai, na kwa miaka mitatu hali ilitulia. Iliyouvunja utulivu huo ni India. Kampuni ya India Mashariki, ambayo mwaka 1765 ilijitwalia haki ya kukusanya kodi za Bengal baada ya vita vyake huko, ilikuwa imezama katika gharama za kijeshi, njaa kali ya 1770 iliua mamilioni ya walipa kodi wake, na mtikisiko wa mikopo wa 1772 ukaikuta ikiwa na marundo ya chai isiyouzika katika maghala ya London. Bunge liliiokoa kwa Sheria ya Chai ya 1773, iliyoiruhusu kuuza Amerika moja kwa moja kupitia mawakala iliowachagua, kwa bei iliyokuwa chini hata ya chai ya magendo kutoka Uholanzi, huku ushuru wa peni tatu ukibaki palepale. Walowezi walikuwa wakihongwa kwa bei nafuu ili waukubali msingi wa kodi, na mjini Boston mawakala wawili walikuwa wana wa Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana. Usiku wa Desemba 16, 1773 wanaume waliojifanya Wamohawk walipanda meli tatu na kumwaga baharini makasha 342.

Adhabu iliyotoka London mwaka 1774 ilifunga bandari ya Boston hadi chai ilipwe, ikabadili katiba ya Massachusetts bila kuwauliza wenyewe, na ikaja pamoja na Sheria ya Quebec, iliyoliunganisha bonde la Ohio na Kanada, nchi ya Wakatoliki, na hivyo kuwafungia walanguzi wa ardhi wa Virginia mlango waliokuwa wakiugonga tangu 1754. Pengine hakuna uamuzi uliowaleta mabwana wa Virginia karibu na mafundi wa Boston kama huo. Makoloni 12 yalipeleka wajumbe Philadelphia Septemba 1774, risasi zililia Lexington na Concord Aprili 19, 1775, na aliyepewa jeshi kuliongoza ni yuleyule Washington wa msituni.

Uasi huo ulifaulu pale tu ulipogeuka nao kuwa vita vya madola. Ufaransa, iliyokuwa bado inauguza aibu ya 1763, ilipeleka baruti kwa siri, na baada ya jeshi la Jenerali Burgoyne wa Uingereza kusalimu amri Saratoga Oktoba 1777, ikatia saini mkataba wa urafiki hadharani mnamo Februari 1778. Hispania ikaingia vitani mwaka uliofuata. Huko Yorktown, Oktoba 1781, ambako jenerali wa Uingereza Lord Cornwallis alijisalimisha, Wafaransa, wakihesabiwa mabaharia wao, walikuwa wengi kuliko Wamarekani, na bila manowari za Admirali de Grasse kuziba mdomo wa ghuba ya Chesapeake, Cornwallis angeondoka kwa bahari. Malipo ya msaada huo yaliikuta Ufaransa nyumbani kwake, kwani deni lake ndilo lililomlazimisha Mfalme Louis XVI kuitisha baraza kuu la matabaka lililokutana mwaka 1789.

Mkataba wa Septemba 1783 uliwapa Wamarekani nchi yote hadi Mississippi bila hata kuwataja wenyeji walioishi humo. Watu weusi wapatao 3,000, wengi wao watumwa waliokimbilia upande wa Uingereza kwa ahadi ya uhuru, walisafirishwa kutoka New York hadi Nova Scotia, na baadhi yao baadaye wakafika Sierra Leone. Wenye meli wa New England nao, waliofungiwa bandari za Karibi ya Uingereza, walilazimika kutafuta bahari nyingine, na watu wa Salem walikuwa miongoni mwa walioifikia Zanzibar, ambako, kufuatia mkataba wa mwaka 1833 na Sultani Seyyid Said, Wamarekani waliwatangulia Waingereza kuwa na balozi mdogo kisiwani.

Deni, hata hivyo, lilibaki na taifa jipya. Massachusetts ilipoamua kulipa haraka hati za vita, ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kununuliwa kwa bei ya chee na walanguzi wa pwani, ilitoza kodi nzito ambazo wakulima wa magharibi ya jimbo hawakuwa na sarafu za kuzilipia. Mwaka 1786 wakulima hao, wakiwamo askari wastaafu waliopigana katika mapigano ya Bunker Hill na Saratoga, walizifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yasinadishwe, na mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni wa jeshi la ukombozi. Serikali ya Boston iliwatawanya kwa jeshi lililolipiwa na wafanyabiashara, na Mei iliyofuata wajumbe wakakutana Philadelphia kuandika katiba, ambayo katika ibara yake ya kwanza ililipa Bunge la Marekani mamlaka ya kutoza kodi, kulipa madeni na kugharimia ulinzi wa pamoja.